Mrija wa Kwanza

Mbale,
11 Agosti 1996

Kwako dada Lillian,

Nakusalimu kwa upendo, pamoja na shemeji afande Tonny na wote wa kambini Jinja. Mama kule Buwenge goti limepoa? Sisi tunapumua. Khaemba bado askari wa magereza na bado mkali. Hajui kama naandika.

Pombe yangu ya malwa inatoka vizuri. Watu wa viwandani wakitoka kazini wanazunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Unajua desturi, hanywi mtu kabla mwenye pombe hajaonja mbele yao, wasije wakalishwa sumu. Basi kila chungu naonja mimi. Sigara nazo nimezizoea hapo hapo, wateja wananipa, na wote tunasema malwa ya moto huosha moshi kooni.

Koo likaanza kuniuma, nikaenda kwa daktari, mama mmoja Mkenya aitwaye Eucabeth. Alisema pombe haioshi chochote. Huilegeza ngozi ya ndani ya koo, sumu ya sigara ikapita kirahisi. Na ini, ambalo kazi yake ni kuiondoa sumu hiyo, hushughulika kwanza na pombe, sumu ikaachwa izunguke mwilini. Nilijiona mjinga kweli.

Nilimwambia Khaemba nataka kuacha kuonja. Hakuuliza kwa nini. Alisema siku nitakayokataa mrija watu watasema nimetia kitu chunguni, na mke wake yeye, afande wa magereza, hawezi kusemwa hivyo. Nikasema basi niache kupika. Akacheka, akauliza kama watoto watakula gwanda lake. Jioni ile nikaonja, na jana pia. Naogopa, dada, sina pa kutokea.

Sasa nikuambie nililomficha. Daktari alikata kipande cha uvimbe kooni, jibu limerudi, ni kansa. Anasema bado ni ndogo, itatibika nikiwahi hospitali Kampala na nikiacha vyote viwili sasa. Khaemba akijua atanipeleka kwanza kwa mganga wa kwao, na kaka yake Wasike tulimzika hivyo hivyo.

Kwa hiyo niite. Mwandikie Khaemba mwenyewe kwamba mama amezidiwa na anataka kuniona. Mkwe wake akiita hawezi kunizuia, anamwogopa mno. Nikishatoka hapa nitapitiliza hospitali Kampala.

Wabusu watoto. Na mwombe mama akubali kuugua kidogo kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Gorreti