Sauti Inayokatika

Leipzig, Ujerumani
Jumapili jioni

Baba, shikamoo.

Koo linaamkaje siku hizi? Dada Nyangeta ananiambia uji unapita ila ugali bado unakusumbua. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Kazi ya kutengeneza kompyuta inanilisha vizuri.

Habari za redio yako zimenichekesha peke yangu kwenye treni mpaka watu wakanitazama. Nyangeta aliweka muziki wangu kwenye flashi, wewe ukasikiliza kidogo, ukadhani redio imeharibika, ukaifunga kwenye baiskeli ukaipeleka kwa fundi kule Kiabakari. Eti fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akakwambia, "Mzee, hii redio haina ugonjwa. Wagonjwa ni hao wanaopiga." Pole kwa safari, Baba. Muziki wangu ndivyo ulivyo.

Ngoja nikueleze, maana ulilima pamba miaka yote ili nisome kompyuta. Kompyuta ikikwama katikati ya wimbo, hung'ang'ania kipande kimoja na kukirudia. Faili likiharibika, hutoa mikwaruzo na milio ambayo hakuna aliyeipiga. Mafundi wenzangu huyafuta makosa hayo. Mimi nayaokota, nayapanga mpaka yanapata mwendo, na Jumamosi watu huja kusikiliza. Wapo wanaotoka kabla sijamaliza, na siwalaumu.

Ile "Mage-ge-ge-gesa" uliyoisikia kwenye flashi ni wewe. Siku ile ulipanda kilimani kunipigia, mtandao ukawa unakatika, nami nilikuwa narekodi. Ikifika hapo, Wajerumani hutulia kabisa. Hawajui kuwa ni mzee wa Butiama anamwita mwanawe.

Sasa nasikia daktari wa Mwanza amesema wazi kwamba baada ya upasuaji wa mwezi ujao sauti inaweza isirudi. Kubali upasuaji, Baba. Nakutaka hai hata ukiwa kimya. Lakini nimepekua kompyuta yangu yote, sina hata mahali pamoja unapoongea bila kukatika, na naogopa. Sauti nzima naweza kuiharibu nipendavyo. Iliyoharibika hivi siwezi kuirudisha, na hakuna fundi anayeweza.

Najua utasema, "Mimi siongeagi na mashine." Usiongee nayo. Simama mlangoni mwa zizi jioni, uwaite ng'ombe kwa majina yao kama siku zote, Nyangeta ashike simu akirekodi. Hiyo sitaikata wala kuipiga mbele ya watu. Ni ya kwangu.

Msalimie Mama, umwambie sweta alilonifumia silivui. Msalimie shangazi anayeuza dagaa sokoni Bunda, na katekista wetu aliyeniruhusu kugusa kinanda cha kanisa nikakiharibu. Mungu akushike mkono.

Mwanao anayekupenda,
Magesa

Dada Nyangeta, wewe unayemsomea Baba barua hii: ng'ombe wakishaingia wote, usizime simu upesi. Mwache kwanza apumue.