Pitisha Kidole Mgongoni

Solofra, 4 Novemba 1991

Ornella,

Salamu nakupa maana barua bila salamu ni matusi, na matusi yako yanakuja. Mimi mzima, goti tu. Wewe najua u mzima, wezi hawaugui.

Msumari wa nyuma ya mlango uko mtupu. Tulipomzika babu yako koti lake lilikuwepo. Ulipopanda treni, halikuwepo. Lirudishe.

Bibi yako,
Carmosina

Torino, 12 Novemba

Shikamoo bibi,

Goti limepoa? Mimi sijambo.

Ndiyo, nimelichukua. Babu kaumwa miezi mitatu, kila nikipiga simu unasema, "Yuko bustanini." Nimekuja kumkuta kwenye jeneza. Hukunipa nafasi ya kumuaga, nimejipa koti. Na nalitunza kuliko wewe. Lilikuwa limefubaa, nimelipaka dawa ya viatu mkono wa kulia na mgongo, linang'aa.

Mjukuu wako,
Ornella

Solofra, 18 Novemba

We punda,

Goti halijapoa, na sasa kichwa nacho. U mzima? Haiwezekani.

Dawa ya viatu! Ile ni nubuki, si buti la polisi. Ni uso wa ngozi, upande wa manyoya, umepigwa msasa mpaka ukaota vinyweleo kama pichi. Nimepiga msasa kiwandani miaka thelathini na moja. Lile koti ngozi yake nimeipiga mimi, babu yako Sabato akaitia rangi. Haling'ai kwa sababu halitakiwi kung'aa!

Acha kulia, sikiliza. Maji usitie. Hita usisogeze, jua usianike. Mwaga poda ya mtoto palipopakwa, liache mpaka kesho, kung'uta kwa brashi laini kavu. Rudia mpaka poda itoke nyeupe. Kisha msasa laini kabisa, mkono mwepesi, kama unamfuta mgonjwa jasho.

Halafu pitisha kidole. Kikiacha mstari, ngozi iko hai. Kisipoacha, umeiua.

Shule sikwenda, unajua. Herufi babu yako alinifundisha kwa kidole juu ya ngozi hizo, saa ya chakula. Nikikosea, nafuta kwa kiganja kabla wenzangu hawajacheka.

Bibi yako

Torino, 20 Januari 1992

Shikamoo bibi,

Baridi kali, nipo. Goti je? Krismasi hata mstari mmoja hukuniandikia.

Poda makopo manne. Mkono wa koti umekataa: mweusi, unateleza, kidole hakiachi kitu. Nimeuua, bibi. Nitukane.

Mgongo umekubali. Nimeandika BABU kwa kidole, kiganja kimegoma kufuta. Wiki ya pili liko kitini, silivai.

Ya bustanini hujanijibu. Jumatatu ijayo nalituma kwa posta, tumalizane.

Mjukuu wako

Solofra, 23 Januari

Ornella,

Goti limekufa, mimi bado.

Posta thubutu! Watalikunja, watalisugua, jina litafutika, nami nitakuja Torino nikupige teke kwa goti hili hili.

Ya bustanini: hakutaka umwone alivyokonda. Nikamsikiliza yeye, wewe nikakudanganya. Nilikosea. Nimeandika kwa kalamu, hii kiganja hakifuti.

Lilete mwenyewe. Kwenye treni lilaze mapajani, mgongo juu, asiliegemee mtu. Tambi na maharage zitakuwa jikoni. Ukichelewa nakula zote.

Chini ya godoro nina kipande cha ngozi ile ile. Tutashona mkono mpya. Wewe utapiga msasa, mimi nitakutukana.

Bibi yako