Mwano Uliopigwa Dutwa Bila Ng'ombe Kuibiwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Bariadi
Tarehe 10 Julai 2025, kuanzia saa 7:15 mchana

Jina: Felisita Mwandu Machibya
Umri: Miaka 51
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Mama lishe, pia mwenye nyumba ya kulala wageni
Makazi: Bariadi mjini

Nimeelezwa na afande kwamba maneno yangu yanaweza kusomwa mahakamani, na kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Mdomo ninao, stendi nzima inajua, lakini uongo si kazi yangu.

Mtuhumiwa Milembe Mwandu ni mdogo wangu, tumbo moja. Anauza nyanya Dutwa, kando ya barabara ya kwenda Lamadi. Binti yake wa kwanza ni Joyness, mwenye miaka 23. Tangu mwaka jana Joyness anakaa kwangu, ananisaidia jikoni na kuhudumia wageni. Ananiita mama mkubwa.

Mnamo tarehe 5 Julai alifika kwangu mgeni mzungu aitwaye Henrik, pamoja na dereva wake Elia. Walikuwa wametoka mbugani Serengeti. Henrik ni mtu wa makamo, mpole, wa kucheka, na dagaa anawala na vichwa vyake. Alisema anataka kuona ngoma zetu za wakati wa mavuno. Siku ya Sabasaba Joyness alimpeleka Nkololo kuangalia ngoma. Alivaa gauni lake la kanisani, nikajua pale pale kwamba huko haendi kutafsiri tu.

Jioni hiyo Joyness aliingia jikoni na sahani. Ndani yake mlikuwa na vijiti viwili vya plastiki, vile vya mtu kujipima mwenyewe virusi vya UKIMWI kwa mate. Mgeni alikuwa navyo boksi zima kwenye begi. Joyness akaniambia, "Mama mkubwa, usinikunjie uso. Tumepima wote wawili. Ona, huyu mstari mmoja na mimi mstari mmoja. Tuko salama."

Nikamuuliza, "Na kondomu?"

Akasema, "Ya nini tena, wakati tumeona kwa macho?"

Ni mtu mzima, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho kama yeye. Nikasema moyoni, afadhali huyu mzungu ana akili, wengine hata kuuliza hawaulizi. Nililomwambia ni kwamba ile sahani asiirudishe kabatini.

Mnamo tarehe 9 Julai, majira ya saa 2:00 asubuhi, nilimkuta Elia uani anaosha gari. Alikuwa anasugua tairi moja tu, muda wote lile lile. Akaniambia, "Mama, kuna neno limenikaa kooni." Akaeleza kwamba jana yake alipigiwa simu na mama mmoja wa upande wa pili wa mbuga. Henrik alikuwa na mama huyo wiki tatu hivi zilizopita. Nao walipimana kwa vijiti, mstari mmoja kila mtu, na kondomu wakaiacha. Baadaye mama yule aliugua homa, akaenda hospitali, akapimwa damu, akakutwa na virusi. Hakumlaumu mtu. Hajui nani kampa nani. Namba ya Henrik hana, ndiyo maana alimpigia dereva, akasema, "Mwambie akapime hospitali, na kama kuna mwingine, naye akapime."

Afande ameniuliza jina la mama huyo. Silijui, na hata ningelijua nisingelitaja. Mtu aliyeumwa akakumbuka wenzake anastahili heshima yake.

Nilimuuliza Elia kama amemwambia bosi wake. Akasema bado, anaogopa kumuudhi mteja akakosa kazi. Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa. Kisha nikamwambia asiondoke mpaka nirudi, nikaenda hospitali kumwona nesi Goodness, ambaye hula chakula cha mchana kwangu.

Nilimweleza Goodness bila kutaja majina. Akaniambia, "Kijiti hakijadanganya, mama. Kimeulizwa mapema mno. Virusi vikishaingia zinapita wiki, wakati mwingine hata miezi mitatu, ndipo kile cha mate kione kitu. Mtu anaweza kupima leo akaona mstari mmoja, na huku anaambukiza." Nikauliza tufanye nini sasa. Akasema ipo dawa ya kuzuia, inamezwa siku ishirini na nane, lakini sharti ianzwe ndani ya siku tatu tangu tendo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. "Mlete leo," akasema. "Usiseme kesho."

Nilirudi mbio. Mtu wa mwili huu kukimbia si jambo dogo. Chumba cha Henrik nikakikuta wazi, kitanda kimetandikwa. Mpishi wangu akaniambia bosi kaamua kuondoka mapema, wanaelekea Mwanza, na Joyness kaenda naye, atarudi wiki ijayo. Simu ya Joyness ilikuwa palepale kaunta, kaisahau kwenye chaji. Nilimpigia Elia, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena.

Saa 4:40 asubuhi, nikiwa stendi, nilimpigia Milembe. Nilimwambia hivi, na naomba yaandikwe kama nilivyosema: "Joyness yumo kwenye gari ya kijani ya watalii, inakuja huko kwako. Usiiache ipite. Lazima mtoto arudi leo."

Milembe akauliza, "Kwani kuna nini, dada?"

Stendi ilikuwa imejaa watu, na ugonjwa ule hautangazwi stendi. Nikasema, "Usiulize, wewe izuie!" Nikapanda pikipiki ya Yakobo, bodaboda wa pale stendi.

Sasa afande ni mtu wa Tanga, ndiyo maana naeleza jambo hili. Kwetu Usukumani kuna yowe linaitwa mwano. Ng'ombe wakiibiwa, mwenye mali anapiga mwano, na kila mwanaume anayesikia anatoka na fimbo yake. Anayebaki ndani sungusungu wanampiga faini. Mwano haupigwi kwa mchezo. Milembe hana filimbi, hana kizuizi, na meza yake ya nyanya hata mbuzi huisukuma. Aliambiwa azuie gari lenye mwanawe. Akapiga mwano.

Nilipofika Dutwa nilikuta watu wameacha kupima pamba, wamejaa barabarani na fimbo na baiskeli. Gari lilikuwa limesimama upande wa kushoto, limezimwa. Naomba hili lieleweke: barabarani hapakuwa na jiwe wala gogo. Elia mwenyewe aliniambia mbele ya watu, "Niliposikia yowe nilijua ni langu. Nikasimama." Kuhusu kioo cha pembeni, kilivunjwa na baiskeli iliyobeba gunia la pamba. Baiskeli nyingi za Dutwa breki yake ni kandambili, na gunia likishashika mteremko halimsikilizi mtu. Mwenye baiskeli alianguka, akachubuka goti. Hakuna aliyempiga mtu fimbo.

Nilimkuta mzee mmoja wa sungusungu anamhoji Milembe kwa utaratibu wao. "Ng'ombe wangapi?"

Milembe akasema, "Siyo ng'ombe."

"Rangi gani?"

"Nimesema siyo ng'ombe, baba. Ni mtoto wangu yumo humo ndani."

Mzee akachungulia dirishani, akamwona Joyness amekaa na miwani ya jua ya mzungu. Akasema, "Huyu mbona ana meno yote na anatukana? Nani kamwiba huyu?" Watu wakaanza kucheka. Milembe hakucheka. Kanga ilikuwa imemdondoka, hajui hata kosa la yule mtu ni nini.

Nilimshusha Joyness, nikampeleka nyuma ya matenga ya nyanya. Alikuwa na hasira. "Mama mkubwa, mmeniaibisha mbele ya Dutwa nzima!" Nikamwambia yote kwa sauti ya chini, kama nesi alivyoniambia. Akashika nyanya moja akawa anaifuta na gauni, anaifuta tu. Kisha akasema, "Lakini mstari ulikuwa mmoja."

Nikasema, "Ulikuwa mmoja, mwanangu. Ila ulikuwa unasimulia habari za zamani."

Akaniuliza kama muda upo. Nikasema upo, kama hatutakaa hapa kulia. Akairudisha ile nyanya tengani. Milembe alikuwa amesogea, amesikia. Alimshika mwanawe mkono, akamwambia, "Twende, mayu." Hivyo ndivyo mama wa kwetu humwita bintiye anapompenda sana, humwita mama.

Henrik alikuwa bado ndani ya gari, ameshika simu. Nimeelezwa hapa kituoni kwamba wakati huo alikuwa ametuma ujumbe na picha kwa ofisi yenye gari lile, kwamba wamevamiwa, na ofisi ndiyo iliyopiga simu polisi. Simlaumu. Mtu asiyejua mwano akiona fimbo zile lazima aogope. Nikamgeukia Elia, nikamwambia, "Lile neno lililokukaa kooni, liteme sasa." Elia akamwambia kwa Kiingereza. Nilikuwa namtazama mgeni usoni. Rangi ilimtoka. Alisema neno, akalirudia, na Elia akatafsiri: "Anasema, lakini mimi huwa napima. Kila mahali napima."

Nikasema, "Mwambie kupima si kinga. Anayepima mvua hajajifunika."

Sijui Elia alilitafsirije, ila mgeni aliinamisha kichwa. Halafu akasema kitu kifupi, na Elia akawasha gari. Alikuwa amesema, "Geuza." Hakushikwa, hakuvutwa. Tulipanda sote, mimi, Milembe na Joyness, na tenga moja la nyanya ambalo Milembe alikataa kuliacha. Wale wanaume walitupisha. Yule mzee alimwambia Milembe faini ya mwano wa bure watazungumza siku nyingine.

Tulifika hospitali kabla ya saa saba. Joyness alipimwa, akashauriwa, akamezeshwa kidonge cha kwanza saa nane kamili mchana. Nesi alisema amewahi vizuri, na atapimwa tena baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Henrik naye aliingia chumba kingine. Majibu yake ni yake, sikuuliza. Nilichokiona ni kwamba alipotoka alimwomba Elia namba ya yule mama wa upande wa pili wa mbuga, akaenda kusimama peke yake karibu na tanki la maji akipiga simu. Alizungumza naye kwa muda. Aliporudi, lile boksi la vijiti alimkabidhi nesi.

Jioni polisi walikuja kumchukua Milembe. Amelala hapa. Afande ameniuliza kama Milembe alitoa taarifa ya uongo kwa kupiga mwano. Jibu langu ni hili. Mwano maana yake kuna kitu cha thamani kinapotea na bado kinaweza kurudishwa kikiwahiwa. Milembe hakusema uongo. Na kama kusimamisha gari lile ni kosa, aliyemtuma ni mimi, kwa hiyo liandikwe jina langu. Nipo tayari kulala alipolala yeye, mradi nipewe blanketi. Henrik yuko nje na Elia tangu saa sita, anataka kusema hana malalamiko. Naomba naye asikilizwe.

Nimeyasema haya kwa akili yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Yote niliyoandikiwa hapa ndiyo niliyoyaona na kuyasikia.

Sahihi ya shahidi: F. Mwandu

Maelezo haya nimeyaandika mimi WP Koplo Maua Athumani na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Mlalamikaji amefika na kuandika kuwa hataki kuendelea na shauri. Milembe Mwandu ameachiwa saa 8:30 mchana.

Uandishi ulisimama mara moja, saa 8:00, simu ya Joyness ilipolia kwenye benchi la nje alipokaa kumngoja mama yake, ikimkumbusha dawa, naye hakuwa na maji. Kikombe alichonywea ni changu.