Mchicha wa Tuta la Bibi Matrida

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha Polisi, Bweri, Musoma
Tarehe 20/06/2024, saa 8:15 mchana

Jina: Boniphace Nyamburi
Umri: miaka 74
Kabila: Mzanaki
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Elimu: darasa la tatu, la nne aliingia, hakulimaliza
Kazi: fundi bati, kuziba sufuria na ndoo, pia mlimaji wa kujitolea
Makazi: Bweri, mzaliwa wa Butiama

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nimeelezwa na afande Sara kwamba nikisema uongo kwa makusudi naweza kushitakiwa. Nimemjibu kwamba uongo wangu niliumaliza jana, na huko mbele nitaeleza ni upi na nilimwambia nani.

Sikuitwa hapa. Nimekuja kwa miguu yangu kwa sababu Rhobi Kasmiri, mlimaji mwenzangu, mama wa watoto watatu, amefungiwa nyuma ya ukuta huu tangu asubuhi na anaitwa mwizi. Rhobi hakuiba. Nataka atoke.

Bustani yetu iko hapa Bweri, kwenye kiwanja tulichoazimwa na parokia. Tulianza mwaka 2019. Tunalima mchicha, kunde, nyanya na sukuma wiki kwa ajili ya watu wasiojiweza. Stoo ya parokia inawapa unga na dagaa, sisi tunawapa mboga. Sisi tunaolima hatuchukui hata jani. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na ukiiona sura yangu utajua naifuata.

Mwanzoni tulikuwa tunavuna, tunarundika mahali pamoja, watu wanakuja kugawiwa. Ikawa vurugu. Wenye viwiko vigumu walibeba, wagonjwa walirudi na vikapu vitupu. Wengine hawakuja kabisa, waliona aibu kupanga foleni ya kuomba majani. Ndipo tukakubaliana kila tuta liwe na mwenyewe. Matuta ni kumi na mawili na kaya ni kumi na mbili. Mimi nilikata vibati kwenye madebe ya mafuta ya kula, nikaandika majina kwa lami, nikavichomeka kila kimoja kwenye tuta lake. Tangu hapo mtu anakuja Jumatano na Jumamosi kama anakuja shambani kwake. Anatusalimia, anatugombeza kwamba tumemwagilia vibaya, anachuma, anaondoka. Asiyeweza kutembea anachumiwa na mlimaji. Bibi Matrida, mwenye tuta la tano, hawezi kutembea, na mchumaji wake ni Rhobi. Iko hivyo mwaka wa tano sasa. Bweri nzima inajua.

Mnamo tarehe 4/6/2024, siku ya Jumanne, saa 10 jioni, Mwenyekiti wa kamati ya bustani, Stanslaus Werema, aliita kikao. Alikuja amevaa koti. Nilipoona koti nikajua kuna balaa. Alisema kuna wageni wafadhili kutoka Mwanza watakuja tarehe 22 kuikagua bustani, na wakiipenda watatupa pampu ya maji. Akasema, "Kuanzia leo hakuna kuvuna. Bustani inatakiwa ionekane imejaa."

Nilimuuliza, "Na watu watakula nini, Stano? Koti lako?"

Akasema, "Mzee Boni, acha utani. Haya ni mambo ya kitaalamu."

Nikamwambia, "Wewe na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, nyuma ya mlima uleule. Utaalamu wako niliuona siku ile, ulipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia."

Watu walicheka sana. Lakini ilipoitishwa kura walinyoosha mikono, maana kubeba ndoo kutoka kisimani kunachosha migongo yetu. Na mimi nilinyoosha. Afande, andika hilo vizuri, usiliruke. Na mimi nilinyoosha.

Mnamo tarehe 5/6/2024, Jumatano, saa 1 asubuhi, watu walikuja na vikapu vyao kama kawaida. Tukawasimamisha kwenye uzio, tukawaambia warudi baada ya tarehe 22. Mzee mmoja kipofu alisema, "Sasa wageni wanakuja kuangalia mboga au kuzila? Maana kama ni kuangalia, hata mimi nimeacha kuangalia siku nyingi na bado nakula." Mimi ninayejibuga kila kitu, siku ile nilijifanya nafunga kamba ya ndoo.

Mtu yeyote aliyelima anajua mchicha ni kitu cha kuchumwa. Ukichuma unachipua tena. Ukiuacha unatoa maua, unakuwa mgumu kama fagio, haufai. Nilimweleza Mwenyekiti. Alisema maua yanapendeza kwenye picha.

Mnamo tarehe 14/6/2024, Ijumaa, saa 9 alasiri, nilimkuta Mwenyekiti aking'oa vibati vyangu. Mahali pake alikuwa anachomeka vibao vya mbao vilivyopakwa rangi, kila kimoja kina jina la kikundi, na chini yake jina lake yeye pamoja na cheo. Nilimuuliza, majina ya wenye matuta yanaenda wapi? Alisema majina ya wagonjwa na maskini yanaharibu mandhari. Akaniambia nikavitupe. Sikuvitupa. Viko kwenye gunia hili nililoliweka mezani, vyote kumi na viwili, na afande ameshavihesabu.

Mnamo tarehe 19/6/2024, yaani jana, saa 5 asubuhi, nilikwenda kwa Bibi Matrida kumzibia sufuria. Matrida ana miaka 68, ni mjane, na yuko kwenye dozi ya kifua kikuu mwezi wa tatu. Pale zahanati walimwambia ale vizuri, dawa zile zinataka mwili wenye nguvu. Nilikuta ugali wa usiku, na chumvi kwenye kisahani. Sikuona kingine. Dagaa wa stoo walikwisha wiki iliyopita.

Aliniuliza, "Shemeji, tuta langu limeungua na jua?"

Nikasema, "Ndiyo, limeungua."

Akasema, "Pole zenu, na kumwagilia kote kule."

Huo ndio uongo niliousema. Yeye mwenye chumvi kwenye kisahani alinipa pole mimi, na tuta lake lilikuwa limejaa mpaka mchicha unaangukiana. Sufuria niliiziba vibaya. Nitarudi kuirekebisha.

Leo tarehe 20/6/2024, saa 12:40 asubuhi, nilimkuta Rhobi kisimani anachota maji ya kumwagilia. Nilimweleza nilichokiona. Alitua ndoo, akasema, "Babu, nipe kisu chako." Nikampa. Sikumuuliza cha nini, nilijua. Tukaenda wote tuta la tano. Yeye alikata, mimi nilifunga. Tulitoa mafungu mawili ya mchicha, ule ambao haujatoa maua, na nyanya sita. Jua lilikuwa limeshatoka, tunaonekana na kila aliyepita barabarani, na wengine tuliwasalimia. Sijawahi kuona wezi wanaosalimia watu.

Saa 1:10 Mwenyekiti alifika kwa bodaboda, nyuma yake mgambo anayeitwa Clever. Alimwambia Rhobi, "Unaiba mboga za mradi?"

Rhobi akasema, "Shikamoo, Mwenyekiti. Nachuma kwenye tuta la Bibi Matrida, kama siku zote."

Akasema, "La Matrida? Limeandikwa wapi? Nionyeshe lilipoandikwa."

Hapo ndipo nilipandwa na hasira ambayo sijaipata tangu niibiwe ng'ombe mwaka 1983. Mtu ameng'oa jina kwa mkono wake, nimemwona kwa macho yangu, halafu anamwambia mwanamke aonyeshe jina liko wapi!

Nilimwambia Clever, "Kisu hicho ni changu, mafungu nimefunga mimi, na maneno ya kumchochea nimesema mimi. Nifunge mimi." Clever alimwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Mzee huyu mwache, akili zake zimechoka. Mchukue huyo."

Akili zangu hazijachoka. Nitaeleza kwa nini aliniacha. Sisi tuliotahiriwa pamoja tulikatazwa kupelekana serikalini. Tukikoseana tunaitana, tunatukanana, tunamaliza. Stanslaus alijua akinifunga mimi atakuwa amevunja katazo hilo, na wazee wa kwetu Butiama wasingempa hata kiti msibani. Basi kosa letu la watu wawili akamtwisha mmoja, tena mwenye umri wa binti yake, ambaye hana wa rika lake wa kumsemea hapa. Heshima ya rika ameitumia kama mwavuli, yeye na mimi tukae chini yake, Rhobi anyeshewe.

Walimtembeza kwa miguu kutoka bustanini mpaka hapa, mafungu ya mchicha wamemtwisha kichwani, watoto wa shule wanapiga kelele "mwizi, mwizi". Kati ya watoto hao alikuwemo wa kwake wa darasa la pili. Yeye hakupiga kelele. Alisimama tu.

Sasa na mimi nalivunja katazo. Sikuwahi kulivunja kwa miaka zaidi ya hamsini, na nimetembea polepole kuja hapa nikitafuta sababu ya kurudi. Sikuipata. Mimi Boniphace namleta serikalini Stanslaus Werema, mtu wa msimu wangu, kwa kung'oa majina ya watu na kumsingizia wizi mchumaji wao. Wazee wakininyima kiti nitasimama, miguu bado ninayo.

Afande amenieleza kwamba mchicha ule ulioko kaunta ni kielelezo na haugusiki. Nimemweleza kwamba kielelezo hicho kimeanza kunyauka tangu saa nne. Bunduki inakaa ghalani mpaka kesi itajwe, mchicha haukai. Mwenye mchicha hajala.

Nimemaliza. Nimesomewa yote, na neno "mtuhumiwa" mahali lilipo jina la Rhobi nimeomba lifutwe. Nimeambiwa haiwezekani. Basi naomba liandikwe na kwenye jina langu pia, tuwe sawa. Mengine yote ni kweli kama nilivyoyaona na kuyatenda.

Sahihi: B. Nyamburi

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya yameandikwa na mimi, WP Konstebo Sara, na kusomwa kwa shahidi, naye ameyathibitisha. Shahidi ameelimishwa kwamba hawezi kuwa shahidi na mtuhumiwa katika jalada moja. Hakuridhika. Vibati kumi na viwili vyenye majina vimepokelewa. Kimoja kimeandikwa MATRIDA 5.

Saa 10:20 jioni mlalamikaji, Stanslaus Werema, alipigiwa simu afike kuthibitisha tuta la tano ni la nani. Alijibu yuko kwenye maandalizi ya wageni, atakuja Jumatatu. Alipoelezwa ni nani aliyetoa maelezo haya, alikata simu.

Saa 10:50 jioni mtuhumiwa Rhobi Kasmiri alipewa dhamana. Alikataa kutoka bila mafungu mawili ya mchicha. Kwa maelekezo ya mkuu wa kituo mchicha na nyanya sita vimepimwa, vimepigwa picha na kukabidhiwa kwake. Shahidi amebeba nyanya. Jalada bado liko wazi.