Risasi Kumi Zilizobaki

Jumamosi, Bulembia. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne, mlima haukuonekana kabisa, na mto unanguruma chini huko. Siku kama hizi nyumba hii inakuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Leo nimefanya jambo nililolikwepa kwa miezi kumi na minne. Naliandika sasa hivi, kabla sijapata nafasi ya kulipunguza makali.

Kwa anayefika kwenye ukurasa huu wa mtandaoni mara ya kwanza: mimi ni Biira. Nilikaa jeshini miaka ishirini na miwili, kwenye ghala la silaha, na Kiswahili hiki nilikipata huko. Nilipostaafu nilipewa kibali cha kutengeneza risasi za uwindaji kwa mkono. Unachukua ganda lililokwisha kutumika, unalisafisha, unatia kitakoni fataki mpya ya kuwashia, unapima baruti na kuimimina ndani, kisha unabana kichwa cha risasi juu yake. Watu wengi hawajui kwamba kazi hiyo ipo. Ni kazi ya kukaa peke yako na kunyamaza, na ilinifaa, hasa baada ya mume wangu kufariki.

Mteja wangu alikuwa mmoja tu, mwindaji wa Bwera aitwaye Kule. Alikuwa na ruhusa ya serikali ya kuua mbogo na nguruwe pori wanaotoka hifadhini na kuharibu mashamba upande wa Nyakiyumbu. Bunduki yake ilikuwa na mtutu mfupi. Aliipenda hivyo kwa sababu ndani ya matete mtutu mrefu unanasa, na mbogo hakupi muda wa kuunasua. Shida ni kwamba risasi za dukani zinatengenezewa mitutu mirefu. Katika ule wake baruti haikuwahi kumaliza kuungua ndani. Moto ulitokea nje mdomoni, masikio yakaziba, na risasi yenyewe ikaenda bila nguvu. Kwa hiyo nilimtafutia baruti inayoungua upesi zaidi. Tulijaribu msimu mzima, kidogo kidogo, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, yeye akipiga shabaha na mimi nikiandika daftarini.

Siku bunduki ilipotulia alinigeukia akasema, "Afande, sasa inaongea."

Alianza kuniita Afande kwa utani siku ya kwanza tulipoonana. Hakuniita jina lingine tena.

Sikuwa na rafiki mwingine. Nasema hivyo bila kujihurumia. Watu wa kanisani hunisalimia vizuri, majirani hunipa mboga, lakini wa kukaa naye saa nzima bila kutafuta maneno alikuwa Kule peke yake.

Risasi za mwisho nilizomtengenezea zilikuwa ishirini. Baruti ya kila moja hupimwa kwenye mizani, moja moja, hata kama umefanya kazi hiyo maisha yako yote. Asubuhi ile mwanangu alikuwa amepiga simu kutoka Kampala kusema hawatakuja Krismasi. Nikakaa mezani na hasira zangu. Baada ya risasi chache niliona mizani inanichelewesha. Nikaisukuma pembeni, nikaanza kuchota kwa kijiko na kukadiria kwa macho. Nilijiambia mkono wangu unajua.

Nilimpa kumi. Kumi nikazifungia kwenye sanduku la chuma.

Wiki mbili baadaye mbogo alimvunja Kule nyonga ndani ya shamba la pamba. Risasi ya kwanza ilimjeruhi tu mnyama, na hakupata nafasi ya kupiga ya pili. Askari wa wanyamapori aliyekuwa naye ndiye aliyemmaliza mbogo yule. Wenye kuandika ripoti walipofika hospitali, Kule akawaambia kwamba alilenga vibaya. Wakaandika hivyo.

Mimi nilikuwa na shaka tangu dakika niliyopata habari. Sikwenda hospitali. Nilisema nitaenda akipata nafuu. Kisha nikasema nitaenda akirudishwa nyumbani. Kisha ikawa aibu kwenda.

Juzi niliitwa polisi Kasese. Kibali changu hakitaongezwa muda, na Jumatatu natakiwa kupeleka kila kitu: mashine ya kubania, baruti, risasi zote zilizobaki. Afisa alikuwa mpole, akasema zitaharibiwa na nitapewa karatasi, basi. Nilitoka pale nimefurahi. Nilikuwa nimefika sokoni ndipo nikaielewa furaha yenyewe. Zile kumi zikiharibiwa, hakuna mtu atakayejua kamwe.

Hata mimi nisingejua.

Asubuhi hii, mvua ikipiga bati, nikafungua sanduku.

Kuzipima zikiwa nzima hakusaidii, maana maganda yenyewe hutofautiana uzito. Lazima uzifungue. Nina nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani. Unaingiza risasi, unagonga kwenye kigogo, kichwa kinachomoka na baruti inabaki humo ndani ya nyundo. Niligonga ya kwanza nikaipima baruti yake. Sawa. Ya pili sawa. Ya tatu sawa, na hapo nikaanza kujisikia mjinga kwa mwaka mzima nilioupoteza.

Ya nne ilikuwa pungufu.

Nikaifuta mizani, nikaisawazisha upya, nikapima tena. Pungufu.

Kati ya kumi, tatu zilikuwa hazikutimia, na moja ilikosa karibu theluthi ya baruti yake. Risasi ya namna hiyo ikitoka kwenye mtutu mfupi haiui mbogo. Inamkasirisha.

Sikulia. Nilifungia kila kitu, nikavaa viatu, nikapanda gari la Bwera.

Bwera hapakuwa na mvua. Aliyenifungulia mlango ni Kavira, mke wa Kule, mzaliwa wa Butembo upande wa Kongo, anayeuza vitenge pale mpakani Mpondwe. Alinitazama muda mrefu akiwa ameshika kitasa.

"Iko nyuma," akasema. "Pita tu, njia unajua."

Kule alikuwa ameketi kando ya turubai la kahawa, anachambua, magongo yake mawili yameegemezwa ukutani. Amekonda. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea yote. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama: simu ya mwanangu, kijiko, tatu kati ya kumi, theluthi.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa punje mbovu na kuzitupa.

"Nilijua," akasema. "Ile risasi ililia kama mutu anakohoa. Risasi yako haijawahi kulia vile."

Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia alilenga vibaya.

"Wangekunyang'anya kibali. Ungebaki na nini, Afande?"

Nilikaa chini, juu ya gunia. Kavira akaleta chai, akaiweka kati yetu, akarudi ndani. Ndipo Kule akanieleza, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Huko Nyakiyumbu wanasema macho yake yamekwisha. Wakulima waliokuwa wakimpigia simu kila mbogo alipoonekana sasa wanamwita mwindaji mwingine. Kwenye harusi moja mtu alimuuliza mbele ya wageni kama anaweza kuukosa hata mlima. Mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akikosa amebeba jina la mlenga ovyo kwa ajili yangu, na mimi sikumpelekea hata mkungu wa ndizi.

"Mguu nimezoea," akasema. "Wewe ndiyo sijazoea. Mwezi mzima hospitali, kila mlango ikifunguka nilifikiri ni wewe."

"Niliogopa," nikasema.

"Mimi pia niliogopa. Na mbogo ilikuwa mbele yangu mimi."

Hakusema hivyo kwa kucheka, na mimi sikucheka.

Nikamwambia kwamba Jumatatu nitazipeleka zile kumi zikiwa zimefunguliwa, kila moja na uzito wa baruti yake kwenye karatasi, na nitaandika maelezo ya kweli. Hapo akakasirika. Akasema mambo hayo yameisha, kwamba alishaweka sahihi yake kwenye ripoti. Akaniuliza kama nataka kumfanya mwongo mbele ya serikali.

Nikamjibu kwamba ndiyo, ndicho ninachotaka.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe akaniambia niende kabla magari hayajaisha, akarudia kahawa yake.

Kavira ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Gari liliposimama akasema, "Iko na hasira. Lakini tangu ile siku hajaongea maneno mingi hivi."

Nimerudi saa kumi na moja. Nimekaa kwenye meza ileile nikaandika maelezo yangu. Nilianza kwa kurasa mbili, nikazichana. Yamebaki mafupi: Kule alilenga vizuri. Risasi ilikuwa na baruti pungufu, na mimi ndiye niliyeitengeneza bila kupima. Chini nikaweka jina langu na namba yangu ya jeshi.

Sijui watanifanya nini. Labda watanifungulia mashtaka, labda wataitia karatasi kwenye faili na kuisahau. Kama ni kusahau, basi haya yako hapa, na wa Nyakiyumbu wenye simu wasome. Mwanangu, ukisoma na wewe, usijilaumu. Ulikuwa na haki ya kutokuja. Hasira zilikuwa zangu, na mizani ilikuwa mbele yangu.

Kuna kitu kingine, halafu nafunga.

Nilipomaliza kuandika maelezo nilimpigia Kule. Kidole kilisita juu ya jina lake kama vile ni namba ya mkuu wa kikosi. Iliita muda mrefu. Nilikuwa karibu kukata.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika."

Hakusema zaidi. Mimi pia sikusema. Nilisikia sufuria za Kavira, nilisikia redio, nilisikia mtu akipita uani na kusalimia kwa lugha ya Lhukonzo. Tulikaa hivyo mpaka salio langu likakaribia kuisha, ndipo akasema, "Haya, Afande," akakata.

Hajanisamehe. Sikumwomba leo, na nadhani nilifanya vizuri kutomwomba.

Kesho baada ya kanisa nitampigia tena, hata kama hatutakuwa na la kusema. Jumatatu ofisi inafunguliwa saa mbili. Nitakuwa mlangoni.