Sura Inayokuhusu, Baba

Baba,

Tangu tukuzike migombani kule Marangu, mlango ukigongwa nashtuka.

Duka la Kariakoo bado lipo, ila Mama hapangi tena sabuni mbele. Anauza chumvi na viberiti tu, na mgeni akiuliza bei, anasita kwanza.

Mimi nimemaliza utafiti wangu wa sheria pale Chuo Kikuu, Mlimani. Ulinikataza: "Soma sheria, mwanangu, lakini kesi yangu iache." Sikuiacha, Baba. Sura ya tatu inaeleza walivyokukamata kwenye msako wa wahujumu uchumi kwa katoni za sabuni ulizonunua kihalali, ukahukumiwa na mahakama maalumu bila wakili, bila ruhusa ya kukata rufaa. Jina lako sikuliandika. Nimeuliza: kama raia wote ni sawa, kwa nini mwizi wa kuku aruhusiwe wakili, mwenye duka anyimwe? Na mahakama ya namna hiyo, nani anaikagua?

Msimamizi wangu alinishauri niitoe sura hiyo. Wiki hiyohiyo mtu tusiyemjua alifika dukani, akamuuliza Mama binti yake msomi anakaa wapi. Tangu hapo nikishuka basi Posta natembea kwa miguu mpaka nyumbani, nione kama nafuatwa, na pale Mnazi Mmoja nageuka nyuma kila mara.

Jana nilisimama mbele ya wahadhiri kuutetea utafiti wangu. Nyuma kabisa alikaa bwana mmoja ambaye hakuna aliyemtambulisha. Akauliza, taratibu, "Huyo mfanyabiashara wa sura ya tatu, unamfahamu?"

Nilikukumbuka ulivyorudi kutoka gerezani, unakohoa, unakunywa chai umegeukia ukutani ili tusione uso wako. Ningeweza kusema simjui.

"Ni baba yangu," nikasema. "Amefariki."

Bwana yule alitoka kabla hatujamaliza. Wahadhiri wameipitisha kazi yangu, lakini msimamizi alinipongeza kwa kunong'ona.

Mama hakunigombeza. Ameweka sweta lako na mswaki wangu kwenye mfuko, karibu na mlango.

Naogopa, Baba. Usingizi siupati. Lakini wewe pumzika. Wakitaka niitoe sura yako, nitakataa. Na wakinichukua, nitaomba wakili, nitaomba kwa sauti, mpaka waandike kwamba niliomba.

Mwanao,
Ndeshi