Zulia la Kozi

Jumanne, 5 Machi

Bwana Mkubwa amerudi kutoka semina na akili mpya. Kozi, wale ndege wawindaji wanaotaga kwenye ukingo wa jengo la kinu cha zamani cha nafaka, eti hawana makazi bora. Basi masanduku manne ya mbao yamepandishwa kwenye mapaa ya mjini, na ndani — zulia! Lile lililobaki alipopamba ofisi yake. Nikamwambia kozi hajengi kiota wala hahitaji kutandikiwa. Anataka changarawe tu, akwangue kishimo, mayai yasibingirike na maji ya mvua yapite. Akanitazama kana kwamba nimeomba likizo. Mkuu wa utafiti wa ndege, na kozi kamwona kwenye kalenda.

Alhamisi, 14 Machi

Jozi mbili zimetaga sandukuni. Bwana Mkubwa keshatangaza mafanikio — anahesabu mayai! Kiota hakijafaulu mpaka makinda waruke, mtoto wa shule anajua. Nimesema hivyo, nikaitwa mkatisha tamaa. Kule ukingoni, bila hisani ya mtu, makinda watatu wameshaanguliwa. Weupe, walafi, wana kelele.

Nyumbani nikatema nyongo yote. Mume wangu akasema nipunguze, mdharau mwiba mguu huota tende. Na yeye naye! Mwiba gani? Yule ni kijiti cha kuchokolea meno.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua wiki nzima. Nimepanda kukagua masanduku. Zulia limelowa chapachapa, linanuka. Mayai baridi, yamenata kwenye nyuzi zake. Kozi wamehama, na wana haki.

Bwana Mkubwa hakuuliza hata sababu. Wafadhili wanakuja keshokutwa, lazima wakute makinda sandukuni. Kwa hiyo nishuke kwa kamba ukingoni, niwatoe wale watatu, niwahamishie sanduku la paa la ofisi yetu. "Kinda ni kinda," kasema. "Mama yao atawafuata."

Hatawafuata! Watakufa njaa juu ya zulia, na yeye atapigwa picha. Nimekataa. Akasema atashuka mwenyewe. Nikacheka palepale mbele yake.

Jumanne, 26 Machi

Kinuni. Nimejibanza kwenye mlango wa kutokea paani, naandika kwa hasira.

Kashuka kweli, mpumbavu! Nilipofika alikuwa ameshatua ukingoni. Kamba kaifunga vizuri, sijui kafundishwa na nani, ila kupanda hawezi. Kozi jike kamkwangua utosi mara mbili, damu inamchuruzika. Nimewapigia zimamoto, wamesema wako njiani.

Sasa jike anazunguka tu hewani. Hatui, maana mtu kakaa nyumbani kwake. Na mvua imeanza tena. Makinda bado wana malaika tu mwilini, manyoya kamili hayajaota. Wakilowa bila mama kuwafunika, hawafiki jioni.

Nililala kifudifudi nikachungulia, nikampigia kelele avue koti awafunike, kisha asiwaguse tena. Akavua! Bila ubishi, mara ya kwanza tangu nimjue. Kabaki na shati, anatetemeka, kakandamiza pindo la koti kwa mkono lisipeperuke. Nikaanza kumwonea huruma. Nikajaribu kwa dhati kabisa.

Ndipo akainua uso, damu na mvua vikimtiririka, akaniita.

"Dada! Hawa wakipona humu ndani ya koti langu, kwa wafadhili tutawaandika wa ukingo au wa sanduku?"

Nimerudi hapa mlangoni kuandika. Zimamoto bado.